Gardenia ya Bidoni

Inspecteur hakuingia kwenye lupango la mtu, ua wa nyumba yake, bila kukohoa kwanza. Alikohoa langoni mara moja, kikohozi kikavu cha mtu aliyezoea kuwakuta walimu hawajajiandaa, kisha akangoja kidogo. Ukikisikia ulikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu kabla hajatokea mbele yako, nalo lilikuwa kuficha ufagio.

Hapa kwetu Mususa, Butembo, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Inspecteur, basi, kwa sababu ukaguzi wa shule ndio uliomleta. Serikali ilimtoa kwao Kasaï ikampeleka Beni, ikamtoa Beni ikamleta kwetu, halafu ikamsahau. Asubuhi alikagua shule. Alasiri, koti likiwa bado mwilini na tai bado shingoni, alikagua maua yetu. Hakuna aliyemtuma. Mimi ni fundi wa kushona, na kati ya nyumba yangu na yake kulikuwa na uzio wa hibiscus tu, kwa hiyo nimekaguliwa kuliko mtu yeyote mtaani na nina haki zote za kumsema.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa na taratibu zake. Kwanza aliusalimia mti. Salamu ya Kinande aliyoijua ilikuwa moja tu, "Wavukire", ambayo ni ya asubuhi, naye aliitumia saa zote, kwa watu na kwa miti, hata jua likizama. Kisha aliweka mikono mgongoni akauzunguka taratibu, akitazama majani bila kuyagusa. Halafu alitandika kitambaa chake cha mfukoni chini, akapiga goti juu yake, akageuza jani moja atazame upande wa chini, kwa sababu wadudu, alisema, ni kama wanafunzi wanaonakili mtihani, hukaa nyuma. Alikwaruza gamba la tawi kwa ukucha aone kama ndani bado kuna kijani. Mwisho alichomeka kidole udongoni, akakitoa, akakinusa akiwa amefumba macho. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoanza kutoka jasho.

Maana baada ya kidole yalikuja maswali, na hayakuwa ya mti. Yalikuwa yako.

"Nani anamwangaka maji hapa?"

"Ni mimi, Papa Inspecteur."

"Maji ya nini?"

"Maji tu."

"Mama. Minauliza tena. Maji ya nini?"

"Maji yenye ilifua manguo."

"Na sabuni?"

"Na sabuni kidogo."

"Sabuni kidogo! Na weye, unakunywaka maji ya sabuni kidogo?"

Baada ya mahojiano alitoa pointi juu ya kumi. Mti uliopata chini ya tano aliufungia utepe mwekundu tawini, kwa kuwa katika ripoti za shule zetu alama za kushindwa huandikwa kwa wino mwekundu, na kila mtoto hapa anajua kuogopa "rouge". Aliyefungiwa alikuwa mti, lakini aliyeulizwa na wageni alikuwa mwenye mti. Utepe ulikaa hapo mpaka mti upone. Kuna mama mmoja alifungua wa kwake alfajiri akaufunga kwenye hibiscus ya jirani, na alasiri hiyohiyo Inspecteur akaurudisha, kwa sababu alijua fundo lake.

Vitambaa hivyo vilitoka kwangu. Alisimama dirishani pangu na kuuliza, "Mama Couturière, uko na rouge?" nami nikamwokotea mabaki sakafuni. Wakati mwingine sikuwa na nyekundu, na watu wakapata nafuu. Lakini ule mwaka tuliposhona sare nyekundu za kwaya, mtaa mzima ulifeli.

Siwezi kusema alikuwa akikosea. Nilikuwa na hortensia nyuma ya jiko, maua yake ya buluu kama sare za shule. Msimu mmoja ikaanza kutoa maua ya rangi ya waridi. Wifi yangu aliitazama, akashika kiuno, akasema hapa kuna mkono wa mtu. Akaanza kutaja majina, na majina mawili yalikuwa ya majirani tunaosali nao kanisa moja. Alikuwa bado kwenye jina la pili tuliposikia kikohozi langoni.

Inspecteur alichomeka kidole, akanusa.

"Makala," akasema. "Muko namwanga majivu ya mbabula hapa."

"Kila siku," nikamwambia, maana mbabula, jiko letu la makaa, halipoi. "Majivu iko muzuri kwa shamba."

"Kwa maharagi, ndiyo. Lakini hortensia, ukimupa majivu anabadilisha rangi. Hapana mulozi hapa. Mulozi ni weye na mbabula yako."

Wifi alivunjika moyo kabisa. Nilihamisha majivu, mvua zikanyesha na kunyesha, na maua yakarudi buluu polepole. Hata hivyo wifi alibaki na jina moja moyoni, kwa akiba.

Adui mkubwa wa Inspecteur, hata hivyo, alikuwa ufagio. Ili uelewe ukubwa wa vita hivyo, ujue kwamba kwetu mwanamke hupimwa kwa lupango lake. Kabla ya chai linafagiwa mpaka udongo ubaki na mistari ya ufagio, na jani moja likidondoka ni aibu ya ukoo. Tumefagia hivyo tangu tuzaliwe, na kila asubuhi ufagio unaondoka na udongo kidogo, mpaka mizizi ya maua inabaki nje kama magoti ya mzee aliyevaa kaptula. Halafu tunashangaa kwa nini maua yananyauka kwenye lupango safi hivyo.

Mama Masika, jirani yangu wa upande wa pili, alikuwa bingwa wa kufagia, na mawaridi yake yalikuwa na hali mbaya kuliko yote Mususa. Majani madogo, manjano, ncha za matawi zimekauka, na machipukizi yakijikunja kabla ya kufunguka. Alikuwa ameyanyunyizia dawa tatu za wadudu. Inspecteur hakupiga hata goti.

"Rosier hii haina ugonjwa," akasema. "Weye unaifagia."

Aliamuru udongo urudishwe juu ya mizizi, zitandazwe nyasi kavu na maganda ya kahawa, na ufagio usikaribie. Mama Masika alifanya hivyo huku akilia. Alikaa ndani siku nzima asionwe na takataka zile mbele ya mlango wake. Mambo yangetulia, ila mama mkwe wake akafika kutembea, akitoka Lubero anakolima kahawa. Asubuhi yake tulipoamka nyasi zote zilikuwa zimefagiwa, zimekusanywa na kuchomwa moto, na bibi amekaa kwenye kigoda anakunywa chai yake kwa amani. Na nani amwambie mama mkwe neno? Mama Masika alikuja kwangu na macho mekundu, nami nikamwita Inspecteur.

Alikohoa langoni, akampa bibi heshima zote, akavua hata kofia.

"Wavukire, Mama. Ku shamba yenu ya kahawa, chini ya miti munawekaka nini?"

"Nyasi."

"Sababu ya nini?"

"Sababu udongo isikauke na mizizi ilale muzuri," bibi akasema, akimtazama kwa huruma. "Uko Inspecteur na haujui?"

"Voilà! Donc na hapa ni vile vile!"

"Hapana. Kule ni shamba. Hapa ni lupango ya mutoto wangu. Bageni bakikuta nyasi hapa, batasema mutoto wangu alioa muvivu."

Inspecteur alilitazama waridi, akatazama mistari ya ufagio. Alivaa kofia akaondoka. Kesho yake alirudi akisukuma mkokoteni wa matofali, na tai shingoni, akayapanga matofali duara kuzunguka kila waridi, akiyapima kwa jicho kama madawati. Kisha akasimama mbele ya bibi.

"Mama, ndani ya matofali ni shamba. Inje ya matofali ni lupango."

Bibi alifikiri. Alizunguka duara moja, akaligusa kwa fimbo yake. Kisha akaenda mwenyewe kutafuta nyasi, na alipozitandaza ndani aliwafundisha Inspecteur na Mama Masika unene unaofaa, maana walichoweka mwanzo, alisema, kilikuwa kama shuka la mgonjwa. Mawaridi yalipona. Kabla mwaka haujaisha Mususa yote ilikuwa na duara za matofali, na siku hizi mwanamke asiye nazo ndiye anayesemwa mvivu.

Inspecteur alikuwa na mgonjwa mwingine aliyempa sifa, naye ni bougainvillier ya Major. Huyu Major alikuwa mwanajeshi aliyepanga nyumba chini yetu mteremkoni, mtu wa mbali, Kiswahili chake nusu ni Kilingala, na mti wake ulijaa majani bila ua hata moja.

"Papa, hii fleur iko na dharau!" alilalamika. "Ninamupa maji asubuhi, midi, mangaribi. Maua, te!"

"Mon Major, hana ugonjwa. Ameshiba. Bougainvillier ni kama mwanafunzi wa internat, ule wa bweni, ukimulisha sana analala. Maji, basi. Ungoja mpaka majani ianze kuregea."

"Nimutese?"

"Mutese, mais na heshima."

Major alitekeleza kama amri ya vita. Mvua ikinyesha alisimama dirishani akiitukana, kwa kuwa ilikuwa inavunja amri yake. Kiangazi kilipokuja mti ulilipuka zambarau mpaka ukafunika lango. Tangu siku hiyo Major alimpigia Inspecteur saluti kila walipokutana njiani, na Inspecteur, ambaye hakuwahi kuwa mwanajeshi hata dakika moja, aliipokea.

Huyo ndiye Inspecteur wa kwenye malango ya watu. Nyumbani kwake palikuwa na mtu mwingine.

Kwanza, hapakuwa na pazia hata moja. Ulipita njiani ukaona sahani zake mezani. Hapakuwa na msumari ukutani. Kalenda iliegeshwa kwenye kiti, na ukitaka kukaa uliinyanyua kalenda. Masanduku yalikuwa juu ya kabati, yamefungwa kwa kamba. Ukiuliza, alijibu, "Mimi niko mu njia," na alikuwa kwenye njia hiyo tangu watoto wangu hawajaota meno. Serikali ingemwita Kasaï wakati wowote, ikamkuta tayari. Kwa sababu hiyo, yule mtu aliyetufokea sote kuhusu afya ya mizizi hakupanda kitu chochote ardhini kwake. Maua yake yote yalikuwa ndani ya bidoni za njano, madumu ya plastiki yaliyokatwa shingo, zimepangwa ukutani zikitazama lango.

Na yalikuwa maua ya kusikitisha. Mizizi imejisokota, majani membamba. Kwako angekupa mbili juu ya kumi. Kwake alisema, "Banavumilia."

Mkewe, tuliyemwita Madame, alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyecheka akifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Bidoni moja kati ya zile ilikuwa yake, ya gardenia. Alikata tawi kwenye lupango la nyumba yao ya kwanza Beni, akalitunza likaota mizizi, na walipohamishiwa kwetu alilipakata njia yote ya Beni hadi Butembo kama mtoto mwenye homa. Mumewe alimwahidi kwamba gardenia hiyo itachanua mbele ya nyumba yao wenyewe, Kasaï, na yeye atakaa kando yake na kiti. Ahadi hiyo Inspecteur aliishika kuliko sala zake.

Lakini gardenia haikuchanua. Kila msimu ilijaza vitumba, na kila msimu vitumba viligeuka manjano na kudondoka vimefumba. Inspecteur aliizunguka asubuhi na jioni, akaitilia maji ya mvua, majani ya chai, akaikinga jua. Madame alimtazama kutoka mlangoni.

"Papa, mutie chini," alisema. "Mu bidoni anakosa pumuzi."

"Tutamutia chini ku kwetu. Tukimutia hapa, siku ya kuenda utamung'oa, na gardénia hapendi kung'olewa. Anaweza kufa."

"Na tusipoenda?"

"Tutaenda, Madame. Niko mu njia."

Mwaka mmoja alikuja kwangu akachagua kitambaa cha mapazia, cheupe chenye majani madogo ya kijani. Aliniomba nikikate. Inspecteur alipopata habari alifika dirishani akanikataza kwa adabu. "Rideau ni ya mutu mwenye anabakia," alisema. Madame hakubishana. Aliniambia tu nikiweke kile kitambaa, nisikiuze. Nilikiweka chini ya sanduku langu.

Sikumbuki ulikuwa mwaka ule au uliofuata, Inspecteur alipoenda Kyavinyonge, ziwani, kukagua shule za huko. Alipokuwa hayupo Madame alipita kwenye uzio akaniomba mkasi wangu mkubwa wa kukatia kitambaa cha jeans. Aliurudisha jioni. Nilipotaka kuutumia kesho yake haukukata hata karatasi, na kwenye makali ulikuwa na ukoko wa njano. Mkasi wa fundi haufanyiwi hivyo, na nilimwambia. Alicheka ndani ya kitenge chake mpaka machozi. Mumewe aliporudi na samaki, Madame aliniletea tilapia mbili kubwa ninyamaze, nami nikanyamaza, ingawa nilinuna mpaka samaki walipoisha.

Halafu Madame akaugua. Sitaki kuurefusha ugonjwa ule, hauna cha kuchekesha. Alikufa wakati wa mvua, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumfikisha Kasaï, tulimzika hapa Butembo. Nilimpenda yule mama na mpaka leo nikitia uzi kwenye sindano namkumbuka. Inspecteur alisimama kaburini na tai yake, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa mkubwa wake, kwamba kulala hapa ni kwa muda tu.

Na baada ya hapo gardenia ikaanza kupona. Majani yakawa mapana, ya kijani kinachong'aa, matawi yakashupaa, na msimu ulipofika vitumba havikudondoka. Vilifunguka. Vyeupe, vingi, na harufu yake ikavuka uzio mpaka kwenye cherehani yangu, hata nguo za wateja zikaondoka zinanukia. Nilimkuta Inspecteur amesimama mbele ya bidoni, analia na kutabasamu kwa wakati mmoja.

"Madame alienda mbele ya kuyaona maua," aliniambia. "Kidogo tu mbele."

Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na majivuno yake vilevile. Aliuita mtaa mzima. Alieleza matibabu kwa urefu, maji ya mvua, majani ya chai, kivuli cha alasiri, na akajipa kumi juu ya kumi, alama ambayo hatukuwahi kuisikia kinywani mwake. Major alipiga saluti, safari hii kwa mti. Na Inspecteur akatoa amri kwamba bidoni ile isisogezwe hata kidogo mpaka siku ya safari, kwa sababu gardenia ikisumbuliwa inaangusha maua yote. Wafagiaji waliizunguka kwa mbali.

Siku ya safari ilifika kweli. Serikali haikumwita, ila mwanawe mkubwa alichoka kungoja serikali, akampigia simu kutoka Kasaï akasema nyumba ipo, chumba kipo, aje apumzike. Kiti cha ndege kikapatikana, kutoka uwanja wetu wa Rughenda. Inspecteur aligawa bidoni zake zote, kila moja na masharti yake. Alibaki na masanduku na gardenia. Mwenye ndege, baada ya kuhubiriwa sana, alikuwa amekubali kuibeba.

Asubuhi hiyo tulikusanyika langoni kumuaga. Mama Masika alikuwa amekaanga mandazi. Major alileta vijana wake wawili wa jeshi, wenye mikono minene, wabebe bidoni mpaka kwenye gari. Walishika, wakavuta. Bidoni haikutikisika.

"Mumelegea," Inspecteur akasema. "Ni bidoni ya maua, haiko gari."

Wakavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Major naye akavua koti akashika. Mti ulitetemeka ukadondosha ua moja, na Inspecteur akapiga kelele kama aliyekanyagwa.

"Muachie! Muachie, munamuua!"

Alipiga goti. Hakutandika kitambaa, nami ndipo nilipoona mambo si ya kawaida, maana hakuwahi kuweka suruali yake kwenye udongo wa Butembo. Aliomba kisu, akachana bidoni ubavuni kutoka juu hadi chini, akaifungua kama anayemvua mtoto sweta. Tulitegemea kuona udongo umekaa umbo la bidoni, na chini yake plastiki ya njano. Chini yake hapakuwa na kitu. Bidoni haikuwa na kitako. Kilikuwa kimekatwa chote, kuzunguka, na mizizi minene kama vidole vya mtu mzima ilikuwa imeshuka moja kwa moja kwenye ardhi ya Mususa.

Inspecteur alipitisha kidole kwenye ukingo wa plastiki. Ulikatwa kwa meno mafupi mafupi, jinsi mkasi mkubwa unavyokata kitu kinachokataa kukatika.

"Makasi ya nani ilifanya hii?"

Kila mtu akanitazama, kwa sababu mtaani mwenye mkasi mkubwa ni mimi.

"Makasi yangu," nikasema. "Mukono wa Madame. Ile wakati ulikuwa ku Kyavinyonge."

Nikamweleza yote, mkasi uliorudi butu, ukoko wa njano, tilapia mbili. Alisikiliza bado amepiga goti. Huko nje dereva alipiga honi kwamba ndege haitangoja. Mama Masika akaanza kusali chinichini. Kisha mabega ya Inspecteur yakatikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka, anacheka akifunika mdomo kwa ncha ya tai, kama alivyokuwa akifanya mkewe kwa kitenge.

"Alimutia chini," akasema. "Mimi ninazunguka na majani ya chai, na yeye alishamutia chini! Zile kumi juu ya kumi haiko zangu."

Major aliuliza kwa upole kama vijana wachimbe. Inspecteur alitazama mizizi, akaukwaruza mmoja kwa ukucha, akaona uko hai. Mtu mwingine yeyote angemwambia chimba. Lakini huyu alikuwa amewaambia watu miaka yote kwamba gardenia ya umri huu ukiing'oa unaiua, na sasa alikuwa anajikagua mwenyewe mbele ya mtaa wote.

"Hapana," alisema. "Murudishe masanduku ndani."

Honi ilipigwa tena, halafu gari likaondoka. Baadaye kidogo tuliona ndege ikipanda juu ya Rughenda, tukaitazama wote mpaka ilipotea, huku tunakula mandazi. Inspecteur alinigeukia.

"Mama Couturière. Uko na rouge?"

Nilikuwa na kipande kwenye mfuko wa aproni. Alikichukua, akajifunga mwenyewe kwenye kifungo cha koti, kwa fundo lake lilelile, akaingia ndani kumpigia mwanawe simu. Tulimsikia akifoka na kufokewa kwa Kiluba muda mrefu. Mwisho alicheka.

Siku chache baadaye nilisikia kikohozi langoni kwangu. Niliruka nikaficha ufagio nyuma ya mlango kwa mazoea, lakini hakutazama maua. Utepe ulikuwa bado kwenye koti, umefifia kidogo kwa vumbi. Alisimama karibu na cherehani akasafisha koo mara ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wavukire, Mama." Jua lilikuwa linazama. "Ile kitambaa ya Madame. Uliiuzisha?"

Nilifungua sanduku nikatoa nguo zote mpaka chini. Kilikuwepo, cheupe, majani madogo ya kijani, kimekunjwa alivyokikunja yeye. Inspecteur alikinusa akiwa amefumba macho, kama alivyokuwa akinusa udongo.

"Donc, uje upime madirisha," alisema. "Yote."

Nilishona haraka kuliko gauni la harusi. Siku ya kuyatundika hakutaka msaada wa mtu. Alipanda kwenye kile kiti cha kalenda, na kalenda nimeishika mimi, akaweka msumari ukutani, wa kwanza tangu aingie nyumba ile, akapiga nyundo. Dirishani nje gardenia ilikuwa imeanza vitumba vipya, na kuizunguka kulikuwa na matofali na nyasi nene za kutosha. Msumari ulipinda. Akaunyosha, akapiga tena, ukapinda upande wa pili, na kipande cha ukuta kikadondoka sakafuni. Alishusha nyundo akanitazama, akingoja.

Niliweka mikono mgongoni. Nikatazama msumari upande huu, nikautazama upande ule.

"Tatu juu ya kumi," nikamwambia.

"Sévère. Uko mukali," akasema Inspecteur, akanyoosha mkono nimpe msumari mwingine.